Mtani Aliyekaa Mlangoni

Kuna watu ambao hata leo nikiwasimulia kisa hiki hucheka kabla sijafika katikati. Hasa Wanyamwezi wenzangu, na hasa Wazaramo. Wanashika mbavu, wanasema, ehe, huyo mtani wako alikuweza kweli. Mimi huwangoja wamalize, maana nimekwisha kuchoka kuwaeleza kwamba sikuwa nasimulia kichekesho. Posa yangu ilivunjika mlangoni kwa baba yangu mdogo, jina langu likaburutwa kwenye tope la Kariakoo mchana kweupe, na kila aliyenipenda alitaka nicheke. Sikucheka siku ile na sijacheka mpaka leo.

Tulikuwa watatu tuliomaliza chuo cha ualimu mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, tukapangiwa kazi Dar es Salaam sote kwa pamoja. Mmoja alikuwa Mzaramo wa huko Maneromango, mwembamba, mwenye miwani na mdomo usiopumzika. Wa pili alitoka Masasi, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Wa tatu ni mimi, wa Tabora. Chuoni walituita mafiga kwa sababu hatukuachana. Tulidhani mtu akishapewa cheti, mengine yote yatakuja yenyewe: nyumba yenye mapazia, mume mwenye adabu, heshima ya watu. Tulifundishwa kushona, tukafundishwa kuandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka, tukafundishwa hata namna ya kukaa kwenye kiti mbele ya mgeni. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuwa mtu mzima, na hilo nalo linaniudhi.

Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma, karibu sana na soko, kiasi kwamba harufu ya vitunguu na samaki wakavu ilituamsha kabla ya jogoo. Mama mwenye nyumba alitukubali kwa shingo upande. Wasichana watatu wanaokaa peke yao, bila mume wala mama, kwake walikuwa kesi inayongoja siku. Alituwekea sharti kwamba mwanamume yeyote asivuke kizingiti cha chumba chetu, na alilisimamia sharti hilo akiwa amekaa ukumbini na kinu chake, akitwanga hata pasipokuwa na cha kutwanga.

Yule wa Masasi ndiye aliyetutoka kwanza. Alimpata karani wa forodha, kijana aliyesema Kiingereza mpaka kwa muuza maji, na siku ya pili baada ya harusi bwana huyo akamwambia kwamba mke wake yeye hafundishi watoto wa watu. Akaacha kazi, akahamia Magomeni. Kila Jumamosi alikuja kwetu, akakaa kitandani, akatuuliza habari za shule, nani anafundisha darasa lake, wale watoto wa dawati la mbele wanaendeleaje. Tukimjibu alikuwa anatazama sakafu. Nilimwambia wazi kwamba mume wake ni mshenzi. Alisema nisiseme hivyo, kisha akafunga kanga yake vizuri akaenda kupika chakula cha mshenzi.

Mzaramo wetu naye alikuwa na mchumba tangu chuoni, mganga msaidizi aliyepelekwa kufanya kazi Mwanza. Siku moja alikwenda Posta, akakutana njiani na mtu aliyewafahamu wote wawili, na mtu huyo akampa hongera ya harusi ya bwana yule. Harusi ilikuwa imefanyika kweli, Mwanza, na bibi arusi alikuwa muuguzi wa huko. Alirudi chumbani akatusimulia kwa kuigiza, namna alivyopokea hongera, alivyosema asante, alivyouliza kama watu walikula vizuri. Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa mpumbavu, nilidhani mtu anayechekesha hivyo hajaumia.

Sasa lazima niseme habari ya utani, kwa ajili ya wale ambao kwao haupo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walifika Pwani na mizigo vichwani, babu zao wakawapokea, na tangu hapo tunatukanana kwa haki. Mtani anaweza kukunyang'anya sahani ukiwa unakula. Anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Ukifiwa, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kitu, na nyote mnaolia mtajikuta mnacheka. Yote hayo ni mapenzi, na yana adabu yake. Mtani anayekuja kufanya utani wa kweli kwenye shughuli huja amejipaka unga usoni, au amevaa nguo kinyume, au amejifunga majani kiunoni. Hata mgeni aliyeshuka kwenye gari moshi asubuhi hiyo anajua kwamba huyu amekuja kucheza.

Mimi na mwenzangu Mzaramo tulikuwa watani tangu siku ya kwanza bwenini. Aliniita mpagazi, nami nilimwambia kwao kazi ni ngoma tu, na mazao yanajilima. Alichukua sabuni yangu, nikachukua soksi zake. Chuo cha wavulana kilikuwa ng'ambo ya mto, na walipokuja kwetu kwa michezo alininyang'anya kipande cha nyama mdomoni, mbele yao wote. Kijana mmoja wa Kichaga, mrefu, mwenye kusema kidogo, alishtuka akataka kuamua ugomvi. Tulimkalisha chini tukamweleza utani ni kitu gani. Alielewa. Naomba hilo likumbukwe, kwamba alielezwa na akaelewa, kwa sababu kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mchumba wangu.

Tulikutana tena Dar es Salaam. Alikuwa karani katika ofisi moja karibu na Posta, suruali yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Alikaa kwa baba yake mkubwa, mfanyabiashara wa vitunguu na maharage aliyeletewa mzigo kwa lori kutoka kaskazini na kuuza kwa jumla hapo hapo Kariakoo. Jioni tulitembea Mnazi Mmoja, yeye upande huu wa njia, mimi upande ule, kwa sababu watu wana macho. Nilimpenda. Nilipenda kwamba hakuwa na maneno mengi. Nilidhani uchache wa maneno ni ukomavu, na kama kuna msichana anayesoma hapa ninamwomba asije akafanya kosa hilo.

Alipoamua kuposa, ilibidi posa iende kwa baba yangu mdogo, fundi wa reli, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa Tabora nao walimpa ruhusa ya kusimama mahali pao. Kwa desturi mwoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Huenda wazee, yeye hukaa nyumbani akihesabu mbao za dari. Lakini mchumba wangu alisema sisi ni watu wa elimu, atafuatana na wazee wake na kusimama nyuma. Nikaona ni jambo zuri. Mimi mwenyewe, hata kwa elimu yangu, nilitakiwa kukaa chumbani, nisionekane wala nisisikike.

Na kwa kuwa ni shughuli ya Wanyamwezi iliyofanyika katika nchi ya Wazaramo, mtani ilibidi awepo. Baba mdogo alisema isipokuwa na mtani itapooza kuliko msiba. Tukamchagua mwenzangu. Nani mwingine? Alijua kila aibu yangu. Jukumu lake lilikuwa kukaa mlangoni, kuwazuia wageni, kunitukana kidogo, kudai kitu kidogo cha kumtoa hapo, kisha kuwakaribisha kwa vigelegele.

Ilikuwa Jumapili mchana baada ya kanisa, msimu wa mvua, mitaa imejaa madimbwi. Nilikuwa chumbani na shangazi, dirisha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na kutoka hapo niliona baraza yote. Wakaja wazee watatu wa Kichaga, baba mkubwa wa mchumba wangu akiwa mbele, wamevaa makoti mazito ya kwao kwenye joto lile, na mchumba wangu nyuma yao ameshika kofia. Mwenzangu alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba mlango. Nilipomwona nilihisi kitu hakikuwa sawa, lakini sikujua ni kitu gani.

Hakuwa na unga usoni. Hakuwa na jani hata moja. Alivaa gauni lake la kanisani, la kola nyeupe, na miwani yake, na viatu vyenye kufungwa. Alikaa mlangoni kama mwalimu anayengoja wanafunzi waliochelewa.

"Karibuni, wazee," alisema. "Lakini hapa hapapitwi mpaka niseme nililo nalo."

"Sema, mwanangu," alijibu baba mkubwa.

"Huyu mnayemtaka namjua. Tumelala chumba kimoja tangu chuoni. Ni mvivu wa kuamka. Ugali wake una madonge. Ana hasira, akikasirika hata paka anahama."

Wazee walitabasamu kidogo, kwa heshima. Ndani, shangazi alikuwa amekwisha kuziba mdomo kwa kanga asicheke kwa sauti.

"Tena mjue," akaendelea, bila kubadilisha uso wala sauti, "amekwisha kuzaa watoto wawili. Amewaacha Tabora kwa bibi yao. Mkimchukua yeye, mkawachukue na hao."

Upande wetu ulilipuka kwa kicheko. Shangazi alipiga kigelegele. Baba mdogo aliyekuwa ukumbini alipiga makofi, kwa kuwa neno hilo ni la zamani, mabibi wa Kizaramo wamelisema kwenye posa za Wanyamwezi tangu enzi na enzi, na kadiri watoto wanavyokuwa wengi ndivyo bibi arusi anavyosifiwa. Upande wa pili haukucheka. Yule mzee aliondoa tabasamu lake polepole, akainama kumtazama vizuri.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

Hapo ndipo penyewe. Neno moja tu lilitakiwa, mtani, na kila kitu kingekwisha. Nilimwona akilishika neno hilo mdomoni. Nilimfahamu msichana yule, nilijua hata namna midomo yake inavyokaa kabla hajasema.

"Mimi ni mwalimu mwenzake," alijibu.

Baba mdogo alitoka mbio, akaanza kueleza, mzee wangu, huyu ni mtani wetu, huu ni utani, msimjali. Lakini alikuwa anaeleza huku anacheka, na kadiri alivyocheka ndivyo mzee alivyozidi kukunja uso. Huko mlimani kwao, alisema, mambo ya posa hayachezewi. Na mwalimu aliyevaa vizuri, aliyetoka kanisani, anayelala chumba kimoja na binti, hawezi kusimama mbele ya watu wazima akasema jambo kama hilo kwa mchezo. Kisha akamgeukia mchumba wangu.

"Wewe unalijua jambo hili?"

Nilifungua dirisha kabisa. Sikujali kuonekana. Alikuwa hatua chache kutoka kwangu, mtu aliyeuona utani kwa macho yake, aliyekalishwa chini akaelezwa, aliyecheka nasi mara ngapi sijui ukumbini kwa mama mwenye nyumba. Alitazama kofia yake.

"Sijui, baba," alisema.

Wakaondoka. Waliaga kwa adabu, wakasema watarudi siku nyingine, na sote tulijua maana yake. Walipita kwenye madimbwi na makoti yao, na kabla ya jua kuzama habari zilikwisha kufika sokoni, kwenye maduka ya vitunguu, kwenye mabomba ya maji, kwa mama mwenye nyumba na kinu chake. Mwalimu wa kike aliyezaa nje ya ndoa wakati ule hakupewa hata nafasi ya kujieleza. Alifungasha vitu vyake akaenda. Jina langu zuri ndilo lililobeba ndoa yangu na kazi yangu pia, na sasa lilikuwa midomoni mwa wachuuzi wa Kariakoo.

Nilimwambia baba mdogo kwamba nitamfunza adabu msichana yule. Akanikataza. Alisema mtani hakasirikiwi, ni mwiko, Wazaramo watatucheka, wazee wetu watageuka makaburini. Nikasema waache wageuke. Akasema anayemkasirikia mtani anatozwa faini.

"Faini gani?" nikauliza.

"Kuku."

"Basi nitatoa kuku," nikasema.

Alidhani natania naye. Kesho yake nilipotoka shuleni nilikwenda sokoni, kwenye matenga ya kuku, nikachagua tetea mkubwa kuliko wote, nikapita naye mitaani kwapani, amefungwa miguu, anapiga kelele. Mwenzangu alikuwa uani anafua. Nilimtupia kuku miguuni.

"Faini yako hiyo," nikamwambia. "Sasa nisikilize."

Sijapata kusema maneno kama yale kabla wala baada. Wapangaji waliacha sufuria zao. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia nimemlisha alipoumwa malaria, nimemfunga vitambaa vya maji kichwani, na yeye amenivua nguo mbele ya wakwe zangu. Nilimwambia ni mwoga, kwamba bibi yake asiyejua kusoma angejipaka unga bila kuona haya, lakini yeye na cheti chake aliogopa kuonekana mshamba mbele ya makoti ya Kichaga. Alitaka raha ya utani bila kuchafua gauni. Alisimama pale mikono ina mapovu.

"Mzee alipokuuliza wewe ni nani," nikasema, "kwa nini hukusema?"

Alivua miwani akaifuta kwa nguo iliyolowa, ikazidi kuwa chafu.

"Unga kweli niliuonea haya," alisema. "Lakini pale aliponiuliza, niliona wanataka kuondoka. Nikataka waondoke."

"Kwa nini?"

"Warudi, lakini waondoke kwanza. Hata mwezi mmoja. Mwenzetu amekwenda Magomeni, sasa wewe. Mimi nitabaki na nani mle chumbani?"

Ningependa kuandika hapa kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilimwambia hilo lilikuwa tatizo lake na alipaswa kulibeba mwenyewe bila kunitwika mimi mpagazi. Neno hilo lilinitoka bila kukusudia, neno la utani wetu, na wote wawili tulitaka kucheka na wote wawili tulikataa. Akamchukua yule kuku akamchinja, akampika kwa nazi, akaniwekea paja. Nililila. Nilikuwa na njaa, na kuku alikuwa wangu.

Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa baba mkubwa. Sikumtuma. Niliambiwa na watu waliokuwepo kwamba alisimama kati ya magunia mbele ya wateja wote, safari hii uso mzima ameupaka unga na gauni amelivaa kinyume, mishono nje, akasema mimi ni mtani wa yule binti, nilisema uongo wa utani, na kama kuna mtu wa kudharauliwa basi ni mimi. Wapagazi wa sokoni walimpigia makofi. Walimwelewa mara moja. Mzee naye, naambiwa, alisema amesikia.

Nikangoja. Mvua ilinyesha wiki nzima na bonde la Jangwani likajaa maji, kwa hiyo kwenda shuleni Magomeni nilivua viatu na kupandisha gauni kila asubuhi, na kila asubuhi hakukosekana mtu wa kunitazama tumboni. Mwalimu mkuu alikuwa hajaniita, lakini alikuwa ameanza kunijibu salamu kwa kichwa tu. Mchumba wangu hakuja wala hakutuma salamu. Nilikuwa namtetea moyoni. Nilisema ni kijana, yuko chini ya mzee wake, anatafuta njia. Nikikumbuka nilivyokuwa namtetea nataka kujipiga kofi.

Alikuja shuleni siku moja mchana, wakati wa mapumziko, ameshika viatu mkononi, suruali yake ya pasi imelowa mpaka magotini. Alikuwa na furaha. Sikupata kumwona na furaha kiasi kile, maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe.

"Mambo yamekwisha," alisema. "Baba amekubali. Wanarudi Jumapili ijayo."

"Amekubali nini?"

"Kwamba ulikuwa mchezo. Ila kina mama wa nyumbani wanataka kukuona kwanza. Mke wa baba na dada zake wawili. Watakutazama tu, watu wazima wa kike, wanajua mambo hayo. Ni dakika chache. Ili asiwepo mtu wa kusema."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimeshika kengele ya shule, na niliiweka chini kwenye ngazi kwa sababu niliogopa nitamtupia.

"Siku ile mlangoni," nikasema, "baba yako alikuuliza kama unajua. Wewe ulijua ni utani."

"Nilijua."

"Ukasema hujui."

"Ningemkatiza mzee mbele ya watu? Ingekuwa aibu." Alinisogelea kidogo. "Na wewe mbona mkali kwangu? Yule rafiki yako ndiye aliyesema maneno, na unalala naye chumba kimoja."

"Yule nimemtukana mbele ya nyumba nzima," nikasema. "Wewe sitakutukana. Rudi kwa kina mama wako uwaambie siji."

Alikuwa haamini. Alinieleza tena, polepole, kama ninavyomweleza mtoto hesabu iliyomshinda, kwamba ni jambo dogo, kwamba dada zake wenyewe waliolewa bila maneno kama haya, kwamba nikikataa watu watasema nimekataa kwa sababu ninaficha kitu. Sura yake ilikuwa nzuri hata wakati ule. Nilimtazama nikaona miaka yote iliyokuwa mbele, kila mlango, kila mzee atakayeuliza swali, na yeye ameshika kofia.

"Sasa nitawaambia nini?" akauliza.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Waambie yule mwalimu alikosea," nikasema. "Si wawili. Ni watatu."

Nilidhani atacheka. Nakiri kwamba hata pale, nikiwa nimekwisha kumkataa, kuna sehemu yangu iliyongoja acheke, maana angecheka ningejua alinielewa walau mara moja. Hakucheka. Alisimama na viatu vyake mkononi, uso wake umebadilika, akatazama kushoto na kulia kama kuna mtu anayetusikiliza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, huyo wa tatu baba yake ni nani.